Muuza Nyama na Klabu Iliyokosa Fedha

Karibu kila kijiji na kila mji mdogo wa mkoa wetu wa Mara una timu ya mpira wa miguu. Hapa Manyamanyama unazijua timu hizo. Vijana hukutana jioni, kazi za shamba zikiisha. Wanacheza kwa sababu wanapenda kucheza. Hakuna anayewalipa mshahara. Mchezaji wa namna hiyo huitwa mchezaji wa ridhaa. Maana yake ni kwamba anacheza kwa hiari yake mwenyewe.

Lakini unajua pia jambo la pili. Timu hizi huzaliwa upesi na hufa upesi. Mpira unapasuka, na hakuna wa kununua mwingine. Jezi zinachakaa. Timu inaalikwa Musoma au Kibara, lakini nauli haipo. Mwenyekiti anaitisha mkutano, wanakuja watu wanne. Mwaka unaofuata timu haipo tena, na vijana wanakaa tu barabarani.

Habari hii ni ya klabu moja ndogo iliyofika mahali hapo hapo, mwaka 1883. Klabu hiyo iko mbali sana nasi, katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Haikucheza mpira wa miguu tunaoujua sisi. Ilicheza mchezo uitwao raga. Aliyetafuta njia ya kuiokoa hakuwa tajiri wala mkubwa wa serikali. Alikuwa kijana aliyefanya kazi katika bucha. Njia aliyoipata ndiyo iliyozaa mchezo ambao leo umewapatia sifa majirani zetu wa Kenya duniani kote.

RAGA NI MCHEZO GANI?

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujauona.

Mpira wa raga si wa duara. Umechongoka pande mbili, kama papai. Mchezaji anaweza kuubeba mikononi na kukimbia nao. Anaweza pia kuupiga kwa mguu. Lakini kuna sheria moja kubwa: haruhusiwi kumrushia mwenzake aliye mbele yake. Akirusha kwa mikono, lazima arushe kando au nyuma. Kwa hiyo timu inasonga mbele kwa kukimbia, na mpira unarudi nyuma kwa kurushwa. Mtu anayeutazama mchezo huu mara ya kwanza hushangaa sana.

Mchezaji mwenye mpira anaweza kukamatwa na kuangushwa chini. Aangushwe kwa kukumbatiwa, wala si kwa kushikwa shingo au kichwa. Akiangushwa, lazima auachie mpira.

Uwanja wa raga una urefu wa karibu mita 100 na upana wa karibu mita 70. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti miwili mirefu yenye mti uliokingama katikati. Timu ikifaulu kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini kwa mkono, imepata trai. Siku hizi trai moja ni pointi 5. Kisha timu hiyo hupewa nafasi ya kuupiga mpira kwa mguu upite juu ya ule mti, katikati ya milingoti. Ukipita, wanaongezewa pointi 2.

Mchezo huu ulichukua jina lake kutoka katika shule moja ya wavulana katika mji wa Rugby, nchini Uingereza. Wanafunzi wa shule hiyo waliandika kanuni zao za mpira mwaka 1845. Mwaka 1871 klabu za Uingereza ziliunda chama cha kusimamia mchezo huo. Mwaka huo huo timu ya taifa ya Uingereza ilicheza na ya Uskoti mjini Edinburgh, na Uskoti wakashinda. Siku hiyo kila upande ulikuwa na watu 20. Baada ya miaka michache watu walipunguzwa wakawa 15. Hesabu hiyo ya watu 15 ndiyo inayotumika mpaka leo katika raga ya kawaida.

Kumbuka hesabu hiyo, kwa maana ndiyo iliyoleta matatizo katika klabu yetu.

MJI WA MELROSE

Melrose ni mji mdogo sana. Hata leo watu wake ni kama elfu mbili na zaidi kidogo. Uko kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka wa Uingereza. Kando yake unapita mto Tweed. Juu yake kuna vilima vitatu vinavyoonekana kutoka mbali. Nchi hiyo ni ya wafugaji wa kondoo na wakulima.

Kilometa kama 6 kutoka Melrose kuna mji mkubwa zaidi uitwao Galashiels. Zamani hizo Galashiels ulikuwa na viwanda vya kufuma nguo za sufu, na wafanyakazi wengi. Mwanzoni vijana wa miji hii miwili walikuwa na klabu moja ya raga. Mwaka 1877 waligombana, wakaachana. Watu wa Melrose wakaanzisha klabu yao wenyewe. Mpaka leo husimuliwa kwa kicheko kwamba usiku mmoja vijana wa Melrose waling'oa milingoti ya goli kule Galashiels wakaja nayo kwao. Tangu siku hizo miji hii miwili ni watani na wapinzani wakubwa.

Klabu ya Melrose ilipata uwanja wake, unaoitwa Greenyards. Wachezaji walikuwa vijana wa pale pale mjini. Hakuna aliyelipwa. Klabu iliishi kwa ada za wanachama na fedha kidogo za watazamaji.

FEDHA ZINAKWISHA

Klabu ya ridhaa haina mshahara wa kulipa. Je, ina maana haina gharama? Hapana. Uwanja unataka kutunzwa. Mipira inanunuliwa. Timu ikienda kucheza ugenini, inataka nauli. Ikija timu ngeni, wageni wanataka chakula. Mchezaji hataki mshahara, lakini klabu inataka fedha.

Katika miaka ya mwanzo ya 1880 klabu ya Melrose ilianza kuishiwa. Mji ulikuwa mdogo na wanachama wachache, na ada peke yake haikutosha. Ikawa wazi kwamba fedha zisipopatikana, klabu itakufa.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana mmoja aitwaye Ned Haig. Alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa jirani uitwao Jedburgh, akahamia Melrose kwa kazi. Kazi yake ilikuwa katika bucha ya David Sanderson. Sanderson huyo naye alikuwa mchezaji wa klabu. Kwa hiyo mchana walikata nyama pamoja, na siku ya mchezo walicheza pamoja. Unaweza kufikiri walizungumza nini juu ya lile gogo la nyama: klabu yao, na fedha zilizokosekana.

Siku zile klabu nyingi za Uskoti zilikuwa na desturi ya kufanya siku ya michezo ili kupata fedha. Watu walilipa kiingilio, wakatazama mbio na michezo mingine. Haig akafikiri hivi: katika siku yetu ya michezo, kwa nini tusiweke mashindano ya raga yenyewe? Tuzialike timu za miji ya jirani zicheze zote siku moja. Kila timu italeta watazamaji wake.

Wazo lilikuwa zuri, lakini halikuwezekana kwa timu za watu 15. Tufanye hesabu tuone sababu.

HESABU YA NED HAIG

Chukua kalamu na karatasi, ndugu msomaji. Tuseme timu 8 zimekuja kushindana. Kila mechi inatoa timu moja. Ili abaki bingwa mmoja, lazima timu 7 zitolewe. Basi zitachezwa mechi 7.

Kwa kanuni za leo, mechi ya raga ya watu 15 huchukua dakika 80. Mechi 7 mara dakika 80 ni dakika 560. Hizo ni saa 9 na dakika 20. Mchana mzima hautoshi. Tena timu bingwa itacheza mechi 3 siku hiyo hiyo. Hizo ni dakika 240, yaani saa 4 za kukimbia na kuangushwa. Hakuna mwili wa mtu unaoweza kazi hiyo.

Tena kuna hesabu ya watu. Timu 8 za watu 15 ni wachezaji 120. Wote hao wanataka nafasi katika treni na chakula.

Haig na Sanderson wakafanya jambo ambalo wengine hawakulifikiri. Hawakutafuta fedha zaidi ili wafanye jambo kubwa. Walipunguza jambo lenyewe mpaka likatosha uwezo wao. Badala ya watu 15, kila timu iwe na watu 7. Badala ya mechi ndefu, kila mechi iwe dakika 15 tu.

Sasa rudia hesabu yetu. Mechi 7 mara dakika 15 ni dakika 105. Hiyo ni saa 1 na dakika 45. Bingwa atacheza dakika 45 kwa jumla. Wachezaji wote ni 56, hawafiki hata nusu ya wale 120. Mashindano yanaanza mchana na kwisha kabla ya jua kutua.

Uwanja hawakuupunguza. Jambo hilo likabadilisha mchezo wenyewe. Watu 7 wakiwa katika uwanja wa watu 15, nafasi tupu inakuwa kubwa mno. Nguvu za kusukumana hazitoshi tena. Anayeshinda ni mwenye mbio, pumzi na akili ya kuona upenyo. Hao vijana wa bucha walikuwa wanatafuta fedha za klabu. Bila kukusudia, walizaa mchezo mpya.

SIKU YA MASHINDANO

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 28 Aprili, 1883. Timu za miji ya jirani zilialikwa, pamoja na wale watani wao wa Galashiels. Wanawake wa Melrose walitoa kikombe cha kushindania. Kikombe hicho kikaitwa Kikombe cha Wanawake.

Kulikuwa na mbio za miguu na mashindano ya kupiga mpira kwa shabaha, lakini kilichovuta watu hasa ni raga ya watu saba. Reli ilikuwa imefika Melrose tangu mwaka 1849, na watu wengi walikuja kwa treni. Uwanja wa Greenyards ukajaa.

Fainali ikawa kati ya Melrose na Galashiels. Watazamaji wangeomba nini zaidi? Dakika 15 zikaisha, timu zikiwa sawa. David Sanderson, kapteni wa Melrose, akasema waongeze dakika 15 nyingine. Wapinzani wakakubali. Baada ya dakika kama 10 Melrose wakapata trai. Basi wakatoka uwanjani hapo hapo, wakasema wameshinda, wala hawakungoja muda uishe. Watu wa Galashiels walikasirika sana. Walisema mchezo haujakwisha. Hata hivyo kikombe kilibaki Melrose.

Jambo hilo tusilisifu. Walipokubaliana kuongeza muda, walipaswa kukubaliana pia mchezo utaishaje. Mashindano mengi ya vijijini huharibika kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni iandikwe kabla ya mchezo, na isomwe mbele ya makapteni wote.

Lakini ugomvi haukuua wazo. Mwaka uliofuata, 1884, Galashiels nao wakafanya mashindano yao ya watu saba. Mwaka 1885 mji wa Hawick ukafuata. Kila klabu iliona kwamba hapa pana njia ya kujipatia fedha. Klabu ya Melrose haikufa. Ipo mpaka leo, na mashindano yake ya watu saba bado yanachezwa katika uwanja ule ule wa Greenyards.

NANI ANALIPA SIKU YA KAZI?

Hapa tusimame kidogo, tulitazame neno ridhaa. Wengine hudhani kucheza kwa ridhaa ni jambo lisilo na gharama kwa mchezaji. Sivyo.

Wakati ule, kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi wa raga walikuwa wafanyakazi wa viwanda na migodi. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kwa wengi wao. Mtu akienda kucheza, alikatwa ujira wake wa siku. Akivunjika mguu uwanjani, alikaa wiki nyingi bila kazi, na watoto wake wakakosa chakula. Mchezaji aliyekuwa tajiri hakuona taabu hiyo. Yeye aliweza kucheza bure.

Klabu za wafanyakazi ziliomba ruhusa ya kumfidia mchezaji ujira aliopoteza. Mwaka 1893 wakuu wa chama cha raga walikataa. Walisema mchezo ni wa ridhaa, na fedha zitauharibu. Tarehe 29 Agosti, 1895, viongozi wa klabu zaidi ya 20 walikutana katika mji wa Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao. Chama hicho kilibadilisha kanuni, na mchezo wake ukawa wa watu 13. Tangu hapo zipo raga za namna mbili duniani.

Ile raga ya kwanza, yenye watu 15, iliendelea kukataza malipo kwa miaka 100. Ilikubali wachezaji walipwe mwaka 1995 tu. Melrose na miji ya jirani ilibaki katika raga hiyo ya ridhaa. Fedha za mashindano yao ziliingia katika mfuko wa klabu.

Somo lake ni hili. Mtu anayechezea timu ya kijiji hutoa siku yake na mwili wake. Hicho ni kitu kikubwa. Kama klabu haiwezi kumlipa, basi angalau isimtoze nauli, na imsaidie akiumia. Ndiyo maana mfuko wa klabu ni jambo la haki, wala si jambo la anasa.

MCHEZO UNASAFIRI

Kwa miaka zaidi ya 40, raga ya watu saba ilichezwa hasa katika miji ile midogo ya mpakani. Mwaka 1926 mashindano makubwa ya aina hiyo yalianzishwa karibu na London. Aliyeyaanzisha alikuwa daktari mmoja kutoka Uskoti. Ned Haig alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1939.

Mwaka 1976 mchezo ulifika Hong Kong, huko mashariki ya mbali, na mataifa mengi yakaalikwa. Mwaka 1993 kombe la kwanza la dunia la raga ya watu saba lilichezwa mjini Edinburgh, Uskoti. Kombe lenyewe lilipewa jina la ule mji mdogo: Kombe la Melrose.

Mwaka 2016 raga ya watu saba iliingia katika michezo ya Olimpiki, iliyofanyika Rio de Janeiro, nchini Brazil. Walicheza wanaume na wanawake. Kwa upande wa wanaume, fainali ilikuwa kati ya Britania Kuu na Fiji. Fiji ni visiwa vidogo katika bahari kubwa ya Pasifiki. Watu wake wote hawafiki milioni moja. Fiji walishinda kwa pointi 43 dhidi ya 7. Ilikuwa medali yao ya kwanza katika historia yote ya Olimpiki, na ilikuwa ya dhahabu.

Unaona basi faida ya ile hesabu ya bucha. Nchi ndogo ni vigumu kupata wachezaji wengi wakubwa wa raga ya watu 15. Lakini watu 7 wenye mbio hupatikana hata kisiwani.

RAGA YAJA AFRIKA MASHARIKI

Raga ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza wakati wa ukoloni. Mjini Nairobi, mwaka 1923, wachezaji wa mji huo waligawanyika wakaunda klabu mbili, Nondescripts na Harlequins. Klabu za zamani hizo zilikuwa za Wazungu, maofisa na walowezi. Waafrika hawakuwa wanachama. Walikata majani ya uwanja, lakini mchezo haukuwa wao.

Baada ya Uhuru wa Kenya mwaka 1963, mambo yalianza kubadilika. Vijana wa Kiafrika walijifunza raga katika shule za sekondari. Walipomaliza shule, walitaka mahali pa kuendelea kucheza. Mwaka 1977 wachezaji Waafrika walianzisha klabu yao Nairobi, wakaiita Mwamba. Mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu yao, Mean Machine. Mchezo ukaanza kuwa wa wananchi.

Mwaka 1996 Kenya ilianza mashindano yake ya raga ya watu saba, yanayoitwa Safari Sevens. Timu ya taifa ya Kenya ya watu saba inaitwa Shujaa. Iliingia nusu fainali ya kombe la dunia mwaka 2009, na tena mwaka 2013. Kati ya wachezaji wake waliojulikana sana ni ndugu wawili wa tumbo moja, Humphrey Kayange na Collins Injera. Wote wawili walitoka klabu ya Mwamba.

Tarehe 17 Aprili, 2016, Kenya iliingia fainali ya mashindano ya dunia huko Singapore. Wapinzani walikuwa Fiji, wale wale waliochukua dhahabu ya Olimpiki miezi minne baadaye. Kenya ilishinda kwa pointi 30 dhidi ya 7. Mwaka huo timu za Kenya, ya wanaume na ya wanawake, zilicheza Olimpiki.

Uganda nao wameendelea. Timu yao ya wanaume ilicheza kombe la dunia la raga ya watu saba mwaka 2018. Hapa Tanzania mchezo huu una wachezaji wachache, hasa katika miji ya Arusha na Dar es Salaam. Mkoani Mara mpira wetu ni ule wa miguu. Lakini somo la Melrose si la raga peke yake.

SISI TUNAPATA NINI?

Tuseme klabu ya mpira ya mtaa wenu haina fedha. Mipira imepasuka, na ligi inakaribia. Mnaweza kungoja mfadhili. Huenda akaja, huenda asije. Au mnaweza kufanya kama Melrose.

Kwanza, tazameni mlicho nacho. Uwanja upo. Vijana wapo. Timu za jirani zipo, na utani upo. Hivyo vyote ni mali.

Pili, punguzeni jambo mpaka liwezekane. Siyo lazima kila timu ilete watu 11 na mechi iwe dakika 90. Timu za watu 7, mechi fupi, uwanja mdogo, na timu 8 mnamaliza mchana mmoja. Fanyeni hesabu kabla, kama tulivyofanya hapo juu.

Tatu, chagueni siku vizuri. Wakati wa palizi watu hawana nafasi. Pamba ikishauzwa, watu wana nafasi na wana senti mfukoni. Toeni taarifa mapema katika ofisi ya kata.

Nne, wekeni zawadi ambayo watu wataitamani. Melrose walipewa kikombe na wanawake wa mji wao. Kwetu vijana hushindania hata mbuzi, na mbuzi ana utamu ambao kikombe hakina. Washirikisheni akina mama tangu mwanzo. Wao watauza chakula siku hiyo, nao wana neno katika klabu kama mtu mwingine.

Tano, andikeni. Hapo ndipo kujua kusoma na kuandika kunapotusaidia. Katibu aandike kanuni za mashindano, pamoja na namna ya kumaliza mchezo timu zikiwa sawa. Mweka hazina aandike kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka. Fedha zihesabiwe jioni ile ile mbele ya mashahidi wasiopungua watatu. Wiki inayofuata hesabu isomwe katika mkutano wa wanachama wote. Mkutano ukikubali, fedha zitumike kwa kazi iliyokusudiwa. Klabu nyingi hazikuuawa na umaskini. Ziliuawa na daftari lisiloandikwa.

Ndugu msomaji, hakuna aliyekuja Melrose kutoka mji mkuu na mfuko wa fedha. Klabu iliokolewa na watu wake, kwa kukaa chini na kufikiri, kisha kwa kufanya. Uchache haukuwa aibu yao. Waliutumia uchache wenyewe kama dawa. Timu yenu ikiwa na watu saba tu, msivunje klabu. Anzeni na saba.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini klabu ya Melrose ilikosa fedha, ingawa haikuwalipa wachezaji?

2. Timu 4 zikishindana kwa namna ya kutoana, zitachezwa mechi ngapi? Kila mechi ikiwa dakika 20, mashindano yatachukua muda gani?

3. Melrose na Galashiels waligombana katika fainali. Kanuni gani ingeweza kuzuia ugomvi huo?

4. Mchezaji wa timu yenu akiumia uwanjani, nani anamsaidia? Je, inafaa iwe hivyo?

5. Taja jambo moja katika mtaa wenu, lisilo la michezo, ambalo limeshindikana kwa sababu ni kubwa mno. Mngelipunguza vipi ili liwezekane?